Habari Mbaya Isipopanda Juu: Usimamizi Mbovu katika Kazi ya Kutengeneza Mifumo ya Kompyuta

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya vijana wa TEHAMA na viongozi wa vyama vya ushirika, Lingeka, mkoani Simiyu



1. Utangulizi

Nazungumzia kazi ninayoifanya na kuipenda: kutengeneza mifumo ya kompyuta. Siku hizi ni shughuli chache za mwananchi zisizopita kwenye mfumo wa kompyuta. Ukilipa ada ya Serikali unapewa namba ya malipo kupitia mfumo wa GePG. Katika vituo vingi vya afya vya umma kumbukumbu za mgonjwa zinaingizwa kwenye mfumo wa GoTHOMIS. Tangu 2023, mwenye kuomba zabuni ya umma anaingia kwenye mfumo wa NeST. Vyama vya ushirika navyo vinaacha daftari polepole na kuhamia kwenye kompyuta na simu.

Mfumo ukigoma tunaambiwa "mtandao unasumbua, njoo kesho", nasi tunarudi nyumbani. Ni nadra mtu kuuliza nani aliutengeneza mfumo huo, alipewa muda gani, alilipwa au hakulipwa, na alimwambia nini bosi wake kabla haujaanza kutumika. Leo naomba tuyaulize hayo.

Hoja yangu ni moja. Kazi ya kutengeneza mifumo huharibika pale habari mbaya inaposhindwa kumfikia mwenye mamlaka. Fundi anajua mfumo una kasoro, lakini ama anaogopa kusema, ama akisema anapuuzwa. Hapo anayeumia kwanza ni fundi, na baadaye ni mwananchi ambaye hata hajui kampuni hiyo iko mtaa gani.

2. Sura za kazi mbaya

Vijana waliopita kwenye ofisi na kampuni ndogo za TEHAMA wataitambua hali ninayoieleza.

Ya kwanza ni kujitolea kusikokuwa na mwisho. Kijana anamaliza chuo na kupokewa "kwa kujitolea" akiahidiwa ajira baadaye. Anapewa kazi kamili, tena wakati mwingine mfumo anaouandika ndio unaoiingizia kampuni fedha, huku yeye akiomba nauli nyumbani na kujinunulia bando la intaneti. Kila akiuliza mkataba anajibiwa avumilie.

Ya pili ni ahadi iliyotolewa bila kumuuliza mtendaji. Mkurugenzi anatoka kwenye kikao na mteja akiwa na furaha: "Nimewaambia Jumatatu tunawakabidhi." Siku hiyo ni Ijumaa jioni. Waliomo kwenye chumba cha kazi wanajua kazi hiyo inahitaji wiki kadhaa, ila hakuna anayefungua mdomo, kwa sababu aliyefungua mdomo mara ya mwisho aliambiwa hana moyo wa kujituma.

Ya tatu ni kumrundikia kila kitu mtu mmoja. Wahenga walisema mzigo mzito mpe Mnyamwezi, wakisifu nguvu na uvumilivu. Ofisini sifa hiyo inageuzwa kuwa adhabu. Anayeweza ndiye anayeandika programu, anayetunza seva, anayepokea simu za wateja, anayetengeneza printa na kufunga projekta ukumbini. Kijana huyo akiugua, ofisi inasimama, na lawama zote zinakuwa zake.

Ya nne ni usiku usiokuwa wa mtu. Kundi la WhatsApp la ofisi linaita saa tano usiku, na asiyejibu anaulizwa asubuhi alikuwa wapi. Kwa bosi, kila jambo ni la dharura. Baada ya miezi michache ya maisha hayo, makosa madogo ya kiuandishi yanaongezeka, kwa sababu kichwa kilichochoka hakioni.

3. Mfano wa kitufe cha "Hifadhi"

Nitaeleza kwa karibu jambo nililolishuhudia katika kampuni moja niliyowahi kufanyia kazi. Tulikuwa tunatengeneza programu ya kupokelea mazao ghalani. Karani anapima mzigo, anaingiza jina la mkulima na kilo, kisha anabonyeza "Hifadhi". Taarifa inasafiri kwa mtandao wa simu hadi kwenye seva, na seva inarudisha jibu kwamba imepokea.

Sasa chukulieni mtandao unakatika katikati. Taarifa imefika, ila jibu la kurudi limepotea njiani. Karani anaona kioo kimeganda, anabonyeza tena. Seva inapokea taarifa ya pili na kuiona kama mzigo mpya. Mkulima aliyeleta kilo 80 anaandikwa kilo 160. Jioni, mzigo uliomo ghalani na takwimu za kompyuta havilingani, na wa kwanza kutiliwa shaka ni karani.

Dawa yake inajulikana na mafundi wengi. Simu ya karani inaupa kila mzigo namba yake ya pekee kabla ya kutuma. Taarifa ikifika mara ya pili ikiwa na namba ileile, seva inatambua kwamba ilishaipokea na haiandiki tena. Ilikuwa kazi ya siku chache pamoja na majaribio. Mwenzetu mmoja alilieleza hilo kikaoni kwa ufasaha. Msimamizi akajibu kwamba mteja hakuliomba, muda umekwisha, na kwamba tusimtie mteja hofu. Mfumo ukakabidhiwa ulivyo.

Mteja asingeweza kuliomba jambo hilo, kwa maana hakujua kama lipo. Aliyejua ni fundi, na kumlipa fundi ni kumlipa ili aseme anachokijua. Msimamizi aliyemnyamazisha aliipunguzia kampuni kazi ya siku chache, akahamishia hasara ya kasoro kwa karani na mkulima.

4. Mifano iliyo kwenye kumbukumbu za dunia

Mtu asidhani haya ni ya nchi maskini peke yake. Nchini Uingereza, kuanzia 1999, Shirika la Posta lilisimika mfumo wa hesabu uitwao Horizon, uliotengenezwa na kampuni ambayo baadaye iliingia kikamilifu chini ya Fujitsu. Mfumo ulionyesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo. Mawakala wa posta, watu wa vijijini na mitaani wenye maduka madogo, wakashtakiwa kwa wizi na udanganyifu. Kati ya 1999 na 2015 zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani. Wengine walifungwa, wengine walifilisika, na wapo waliojiua.

Uchunguzi wa hadharani uliofanyika baadaye, chini ya Sir Wyn Williams, ulidhihirisha kwamba kasoro zilifahamika ndani mapema. Mwaka 1998, kabla mfumo haujasambazwa nchi nzima, ripoti ya ndani ilieleza kwamba sehemu inayotumika dirishani kwa mauzo imeandikwa vibaya. Wazo la kuiandika upya lilikuwapo, ila halikutekelezwa. Fundi wa zamani wa Fujitsu, Richard Roll, alitoa ushahidi mahakamani kwamba wahandisi waliweza kuingia kwenye hesabu za matawi wakiwa mbali, jambo ambalo shirika lilikuwa likilikana kwa miaka. Desemba 2019 Mahakama Kuu ikaamua kwamba Horizon ilikuwa na kasoro. Mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu hizo. Mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa maradhi yalifichwa na wakubwa, walioumbuliwa wakawa wanyonge.

Afrika nayo ina mafunzo yake. Kampuni ya Andela, iliyoanza Lagos mwaka 2014 na baadaye kufungua vituo Nairobi na Kampala, ilichukua vijana wenye vipaji, ikawafundisha na kuwaunganisha na kampuni za ng'ambo. Januari 2019 ilipata mtaji wa dola milioni 100. Septemba mwaka huohuo ikatangaza kupunguza wafanyakazi, na vijana wapatao 400 wa Nigeria, Uganda na Kenya wakaguswa. Sababu iliyotolewa ni kwamba wateja walitaka mafundi wazoefu, na soko la wanaoanza limejaa. Vijana hao walifanya kila walichoagizwa. Makadirio ya soko yalikuwa ya viongozi, lakini bei ya makadirio hayo ililipwa na walio chini.

Nairobi hiyohiyo, mwaka 2023 jarida la TIME liliandika kuhusu wafanyakazi wa kampuni ya Sama waliokuwa wakisoma na kupanga maandishi ya kutisha kwa ajili ya kampuni ya OpenAI. Walilipwa kati ya dola 1.32 na 2 kwa saa, wakati mkataba wa kampuni hizo mbili ulikuwa wa dola 12.50 kwa saa. Teknolojia ya kisasa kabisa inaweza kubebwa mgongoni na ajira ya kizamani kabisa.

5. Kwa nini usimamizi unakosea

Wasimamizi wengi si watu wabaya. Wengi hawajafundishwa kwamba kazi hii ina tabia zake. Frederick Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa mfumo endeshi wa OS/360 huko IBM miaka ya 1960, aliandika kitabu mwaka 1975 akionyesha kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi. Sisi wa Simiyu tunajua palizi ya pamba: mkiongezeka, kila mtu anapewa ngwe yake na shamba linaisha mapema. Programu haigawanyiki hivyo. Anayeongezwa leo lazima afundishwe kwanza, na wa kumfundisha ni yuleyule aliyezidiwa. Bosi anayesimamia programu kama palizi atawaona mafundi ni wavivu, wakati anachokiona ni asili ya kazi yenyewe.

Sababu nyingine ni kwamba kasoro ya programu haionekani kwa macho. Ukuta uliopinda kila mpita njia anauona. Mfumo uliopinda unang'aa kwenye kioo siku ya makabidhiano, na kupinda kwake huonekana pale watu wengi wanapoutumia kwa wakati mmoja. Kwa hiyo msimamizi hana macho mengine isipokuwa kinywa cha fundi wake. Akikiziba, amejipofusha.

6. Sheria inasemaje

Vijana, ijueni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Sura ya 366, iliyotungwa 2004. Muda wa kawaida wa kazi hauzidi saa 45 kwa wiki na saa 9 kwa siku. Kazi ya ziada inahitaji makubaliano, na malipo yake hayapungui mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida. Likizo ya mwaka ni siku 28. Mwajiri anatakiwa kumpa mwajiriwa maelezo ya ajira yake kwa maandishi.

Wengi wenu mtaambiwa, "Wewe si mwajiriwa, unatusaidia tu." Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka huohuo wa 2004 inasaidia hapo. Inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitike vinginevyo, ikiwa mojawapo ya mambo kadhaa lipo: kwa mfano anaelekezwa namna ya kufanya kazi, anapangiwa muda, anapewa vifaa, anamtegemea kiuchumi anayempa kazi, au amemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Ukiachishwa isivyo haki, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Malalamiko mengine ya kikazi yana siku 60. Vijana wengi wanapoteza haki kwa kukaa nyumbani wakisubiri simu ya bosi.

7. Mapendekezo

Kwa vijana: dai mkataba kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa programu, hata kama ni wa miezi mitatu. Ukiona kasoro, iandike kwa barua pepe kwa lugha nyepesi: kasoro ni hii, itamdhuru huyu, kuiondoa kunahitaji muda huu. Maandishi hayo yanamsaidia msimamizi mwema kuamua, na yanakulinda wewe siku lawama zitakapokuja.

Kwa wasimamizi: usimwahidi mteja tarehe kabla hujawauliza watakaoifanya kazi. Tenga siku za majaribio na usiziguse. Anayeleta habari mbaya mapema mshukuru mbele ya wenzake, maana wote wanaangalia atakavyotendewa. Ukijenga kazi juu ya kijana, mlipe.

Kwa viongozi wa ushirika na ofisi za umma mnaonunua mifumo: nanyi ni wasimamizi. Mkidai kazi ya miezi sita ifanyike kwa wiki tatu, mnanunua kasoro. Siku ya makabidhiano msiridhike na maonyesho ya mkurugenzi. Mwiteni aliyeuandika mfumo, mkae naye pamoja na karani wenu, mzime mtandao katikati ya kazi, muone kitakachotokea. Tena mfumo wa mapokezi ya mazao uwe tayari na uwe umejaribiwa kabla msimu wa ununuzi haujafunguliwa. Na kompyuta ikisema karani ameiba, ichunguzeni kompyuta kabla hamjamwita polisi.

8. Hitimisho na maswali ya majadiliano

Mwenyekiti, sikuja kuwakatisha vijana tamaa. Kijana wa Lingeka mwenye kompyuta na mtandao anaweza kutengeneza kitu kitakachotumika nchi nzima. Ninachokikataa ni kwamba lazima anyonywe ndipo akomae, kwa sababu fundi aliyenyanyaswa na kunyamazishwa hutengeneza mifumo inayonyanyasa watu wengine.

Naomba tugawanyike makundi mawili. Vijana wajadili: ni masharti gani matatu ambayo hawatakubali kuanza kazi bila kuyapata kwa maandishi? Viongozi wa ushirika wajadili: katika mkataba wa mfumo watakaoununua, ni kipengele gani kitamhakikishia fundi haki ya kuwaeleza kasoro moja kwa moja, bila kupitia kwa bosi wake? Majibu yaandikwe, yasainiwe na wenyeviti wa makundi, na nakala ibaki kwa kila chama kilichowakilishwa hapa.