Mbegu za Miti ya Asili: Zipi Huwekwa na Zipi Hupandwa Mara

Hotuba kwa wapanda miti wa Mweiga, Nyeri



Wahenga walisema akiba haiozi. Katika ghala la mahindi usemi huo ni wa kweli, lakini mpanda miti akiufuata bila kufikiri atapata hasara. Wako watu wanaotaka kurudisha miti ya asili mashambani na kando ya mito itokayo Nyandarua. Huokota mbegu, huzianika juani, huzitia katika debe, kisha hungoja mvua. Mvua ifikapo huzipanda, na hapana kinachoota. Udongo hulaumiwa, kumbe mbegu zilikwisha kufa ndani ya debe, na msimu mzima umepotea.

Yafaa kujua kwamba mbegu ni kitu chenye uhai. Hupumua, na kwa kupumua hutumia chakula kilichomo ndani yake. Joto na unyevu huzidisha matumizi hayo. Ubaridi na ukavu huyapunguza. Kwa mbegu zinazovumilia ukavu, mtaalamu Harrington wa Marekani alitoa kanuni hii: joto likipungua kwa digrii 5 za sentigredi, maisha ya mbegu huongezeka kiasi cha mara mbili.

Lakini miti haifanani. Mgunga ni mti wa nchi kavu, na mbegu yake ina ganda gumu lisilopitisha maji kwa urahisi. Ikikaushwa vizuri na kukingwa na wadudu, hukaa miaka kadhaa. Siku ya kuipanda, maji yachemshwe, yaondolewe motoni, mbegu zitiwe humo na kuachwa mpaka kesho yake. Mbegu ya mutamaiyu nayo imo ndani ya kokwa gumu. Kokwa hilo lipasuliwe polepole, kiini kisiumizwe.

Muiri na muthiga ni watoto wa msitu. Mbegu zao huanguka penye kivuli na unyevu, tena hazikuumbwa kungoja. Zikianikwa juani hufa. Nyama ya tunda ioshwe, na mbegu zipandwe mara katika kitalu. Ikiwa hapana budi zingoje siku chache, zichanganywe na unga wa mbao wenye unyevu kidogo na kuwekwa kivulini penye hewa. Mfuko wa plastiki uliofungwa huziozesha. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Mbegu yoyote iliyowekwa ipimwe kabla ya msimu. Hesabu mbegu 100, uzilaze katika mchanga wenye unyevu, kisha uhesabu zilizoota. Zikiota 30 tu, mwenye kutaka miche 60 yampasa kupanda mbegu 200.

Jambo hili si dogo. Gome la muiri hutafutwa sana kwa dawa, hata tangu 1995 biashara yake baina ya nchi na nchi imewekwa chini ya mkataba wa CITES. Mgunga ukikatwa, mbegu zake zaweza kuwa zimesalia katika chupa ya mtu. Muiri wa mwisho bondeni ukikatwa, hapana debe litakaloutoa tena. Akiba yake ni mti wenyewe uliosimama. Basi kila mwenye muiri shambani mwake na autunze, na matunda yaivapo asiyaache yapite bure.