Nyumba za Wageni Zisiimalize Miti Yetu



Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulifufua ngitili zetu baada ya ardhi kubaki uchi. Leo anayejenga nyumba ya wageni kwa matofali ya kuchoma, kisha akachemsha maji ya kuoga kwa kuni, anaila akiba hiyo hiyo.

Dawa ipo. Kuta ndefu na madirisha vielekee kaskazini na kusini, kwani jua la asubuhi na la alasiri huchoma kuta za mashariki na magharibi. Upenu uwe mpana. Matofali yawe ya udongo wa kushindilia. Maji yapashwe na jua, na ya mvua yakingwe. Mgeni atapumzika kwenye ubaridi, nasi tutabaki na miti yetu.