Krismasi Haimo Mfukoni



Kila inapokaribia Krismasi, Kariakoo hapapitiki. Wazazi wanatafuta nguo na viatu vya watoto. Kule kituo cha mabasi cha Mbezi Luis, wasafiri wa Moshi, Mbeya na Bukoba wanagombea viti. Si vibaya. Mtoto avae, na wazee wawaone wajukuu. Lakini tujiulize: yule asiyepata nauli, Krismasi yake ndiyo imekwisha?

Nauliza kwa sababu yalinikuta. Mwaka mmoja mshahara ulichelewa, tarehe 24 Desemba ikafika sina kitu. Nilikuwa nimewaahidi watoto safari ya kwenda kwa bibi yao. Nikawa mkali nyumbani, na asubuhi ya sikukuu nikakataa kwenda kanisani, nikidai sina cha kushukuru. Mke wangu hakubishana nami. Aliwavalisha watoto nguo zao za zamani alizozipiga pasi usiku, wakaenda.

Mchana mama jirani, Mwislamu, alibisha hodi na sinia la pilau lililofunikwa kwa kawa. "Shemeji, Idi mlikula kwetu; na leo msilale bila sikukuu," akasema. Watoto wakashangilia, nami nikaona haya. Pilau ilikuwa ya jirani, lakini furaha walikuwa nayo tangu asubuhi. Aliyejinyima ni mimi peke yangu. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na siku ile nilisahau kwamba rafiki ninaye.

Turudi kwenye habari yenyewe. Mwinjili Luka anasimulia kwamba Mariamu alimlaza mwanawe horini, kwa kuwa nyumba ya wageni haikuwa na nafasi. Waliopelekewa habari kwanza walikuwa wachungaji, watu wa zamu ya usiku. Hawakupewa fedha wala cheo. Walirudi kwenye mifugo ile ile wakimtukuza Mungu. Kazi haikubadilika, waliobadilika ni wao.

Hata wimbo wa Krismasi unaopendwa dunia nzima, Stille Nacht, ulitoka katika dhiki. Padre Joseph Mohr wa Austria alitunga maneno yake mwaka 1816, wakati Ulaya ilipokuwa imechoshwa na vita vya Napoleon, na mwaka huo baridi iliharibu mavuno. Mwalimu Franz Xaver Gruber aliutilia muziki, wakauimba kwa gitaa Oberndorf, mkesha wa Krismasi mwaka 1818. Mohr alifariki mwaka 1848 akiwa maskini. Shukrani yake haikungoja neema.

Kwa hiyo, ndugu zangu, nina ombi dogo. Usikope kwa ajili ya sherehe ya siku moja, kisha Januari mtoto akose sare na madaftari. Kabla hujahesabu kilichopungua, hesabu waliopo mezani. Mshukuru aliyepika. Mkumbuke muuguzi aliye wodini na mlinzi aliye getini, maana nao wako zamu kama wale wachungaji. Na kama jirani yako moshi haufuki, usimuulize dini yake, mpelekee sahani.

Sikukuu njema, na tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.