Mti Mmoja, Wenyeji Wawili
(Neno lililotolewa kwenye mkutano wa wanachama)



Tumeombwa kusema juu ya kazi ya kujitolea katika kikundi cha kutunza milima na mito yetu ya Fizi. Tutasema kifupi, maana wengine bado wana njia ndefu ya kurudi vijijini.

Kwa nini kazi hii iko, kila mtu anajua. Mwezi wa nne 2020, mto Mulongwe ulitoka njia yake ukaingia Uvira, ukabeba nyumba na watu. Mwezi wa tano 2023, kule Kalehe, Bushushu na Nyamukubi zilifunikwa na maji na matope, watu zaidi ya 400 wakafa. Mvua ilikuwa kubwa, ndiyo. Lakini mlima uliovuliwa miti haushiki maji. Na miti tunaikata sisi wote: juu ya makala, juu ya kuchoma matofali, juu ya shamba jipya. Aliyetoka kambi ya Nyarugusu na aliyebaki hapa wakati wa vita, wote wanapika kila siku.

Sasa tuseme lile linalosemwa chini chini. Mtu aliyerudi akipanda mti, jirani yake anaogopa. Mihogo inang'olewa, shamba linarudi kwa mwenyewe. Mti unakaa, na mwenye mti anaonekana kuwa mwenye udongo. Sheria ya 1973 inasema udongo ni wa Serikali, lakini kijijini watu wanaangalia mti, hawaangalii kitabu cha sheria. Kwa hiyo mukiona miche imeng'olewa usiku, musiseme watu wanachukia miti. Wanaogopa kupoteza shamba.

Ndiyo maana kikundi hakianzi na jembe. Kinaanza na miguu. Shefu wa lokalite, wazee wa koo, waliobaki na waliorudi, wanatembea pamoja kwenye mteremko na kando ya mto, wanaonyeshana mpaka. Kisha wanaandika karatasi: miti hii ni ya kijiji, haimpi mtu yeyote haki juu ya udongo. Wote wanaweka sahihi au kidole. Hapo tu shimo la kwanza linachimbwa.

Kazi yenyewe si ya wasomi. Vijiti vitatu, kamba na jiwe vinatosha kupima mistari inayozunguka mlima kwa usawa. Tunachimba mtaro, juu ya tuta tunapanda majani ya tembo na kaliandra, ambayo inatoa kuni, inalisha mbuzi na kurudishia udongo nguvu. Kalitusi tunaiweka mbali na chemchemi, maana inakunywa maji mengi.

Wazee wanatuuliza: hii si salongo ya zamani imerudi? Hapana. Asiyekuja halipi faini. Tena tunajua mama anayelima kwa mtu ili watoto wale jioni hawezi kutoa siku nzima bure. Kwa hiyo kazi ni saa mbili tu, asubuhi, mara moja kwa juma. Anayetaka kazi ya mshahara, tumwambie ukweli mapema: hapa haiko.

Wafadhili wetu, tunawaomba mambo mawili. Musihesabu miti siku ya kupiga picha. Muihesabu mwezi wa tisa, kiangazi kikiisha, muone ni mingapi imebaki hai. Na musilipe kwa kila mche, maana siku pesa inakwisha, mche unabaki bila mwenyewe. Mutupe majembe, ndoo na nauli ya wazee wanaotembea mipaka.

Tangu 2014 kuna dekreti inayoruhusu jamii kuomba msitu wao, mpaka hekta 50.000. Lakini ombi hilo linafanywa na jamii yote. Waliorudi peke yao hawataupata, na waliobaki peke yao vilevile. Kupanda pamoja kando ya mto ni mwanzo wa kuzoeana.

Pepinieri inafunguliwa kila Jumamosi, saa moja asubuhi. Uje na jembe. Asiye na jembe aje na ndoo. Na kila mmoja aje na jirani mmoja ambaye hakukimbia.