Mgeni wa Viwandani

Leo nasema na ndugu zetu waliotoka Kathonzweni kwenda Nairobi kutafuta kazi, wakapanga chumba cha mabati Mukuru, ubavuni mwa viwanda, kando ya Mto Ngong.

Ukimwuliza mmoja wao, “Kwenu ni wapi?” atajibu, “Kathonzweni.” Ni jibu jema. Huko yuko mama yake, na shamba la ndengu lingojalo mvua. Lakini pengine amekaa Mukuru miaka 20, naye bado huishi kama msafiri angojaye basi. Kati yake na jirani pana bati moja tu. Usiku humsikia akikohoa, wala hajui jina lake.

Wayahudi waliohamishwa Babeli walitumaini kurudi kwao upesi. Nabii Yeremia akawaandikia barua, nasi twaisoma katika sura ya 29. Aliwaagiza wajenge, walime bustani, na kuuombea heri mji ule wa ugeni. Hakuwaambia wasahau kwao. Kurudi kulikuwako, ila baada ya miaka 70. Hayo ni maisha ya mtu.

Mwaka 2024 mvua kubwa ziliponyesha, maji yaliingia vyumbani Mukuru. Jamaa wa Kathonzweni walikuwa mbali. Aliyekuwa karibu ni jirani.

Basi, ndugu, wapelekee wazee fedha, wala usiache kuwasalimu. Lakini jioni ya leo piga hodi kwa jirani. Mwulize jina lake, na kifua chake kinaendeleaje.

Mungu awabariki.