Mahudhurio ya Ziwa

(Mazungumzo mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya kukutana kwetu)



Nimeombwa nieleze kazi yangu. Mimi ni mtumishi wa serikali katika maabara ya maji. Tunapima maji ya Ziwa Viktoria na ya mito inayoingia humo, kama Simiyu, na Mirongo unaopita katikati ya jiji la Mwanza.

Wenzangu wa kidato cha nne cha mwaka 1998 hawajasahau ndoo. Bomba likikauka tulishuka ziwani, tukasukuma gugumaji kwa fimbo ndipo tupate pa kuchota. Gugu tuliliona. Tusichokiona ni chakula chake: fosforasi na naitrojeni kutoka mashambani na mijini. Chakula hicho hicho hulisha mwani. Mwani ukifa huzama na kuoza, na kuoza kunakula oksijeni ambayo samaki angeivuta.

Vyombo vyetu vingine ni vya bei kubwa, lakini kimoja ni rahisi sana. Ni sahani yenye upana wa sentimita 20, iliyopakwa rangi nyeusi na nyeupe. Asili yake ni kazi ya padri Mwitalia, Angelo Secchi, mwaka 1865. Unaishusha majini kwa kamba hadi isionekane, unasoma urefu. Unaipandisha hadi ionekane, unasoma tena. Kisha unatafuta wastani. Mwani au tope likizidi, sahani hupotea mapema.

Mtauliza, kuna faida gani kuandika namba zile zile kila mwezi? Mwaka 1960 na 1961 mtaalamu aitwaye Talling alilipima ziwa hili upande wa Uganda. Watafiti wa miaka ya 1990 walipolinganisha vipimo vyao na vyake, walikuta mwani umeongezeka mara nyingi, na maji ya kina yamezidi kukosa oksijeni. Bila daftari la zamani, tungebaki na ubishi tu.

Ubishi tumeuona. Machi 2022 maji ya Mto Mara upande wetu yaligeuka rangi na samaki wakafa. Kamati iliundwa, ikatoa majibu, na wengi hawakuyakubali. Siku kama hiyo, jambo la kwanza linalotafutwa ni hali ya mto ilivyokuwa kabla. Na jana haipimwi leo.

Sasa niungame. Mwaka wangu wa kwanza kazini, katika kituo nisichokitaja, gari lilikosa mafuta siku ya kupima. Nikaketi mezani, nikatazama namba za mwezi uliopita, nikaandika zinazofanana nazo. Mzee wa maabara alizisoma, akaniita. "Kijana, siku hiyo mvua ilinyesha usiku kucha, mto ulikuwa tope tupu. Maji yako meupe haya uliyachota wapi?"

Sikuwa na jibu. Hakunishtaki. Alichukua kalamu nyekundu, akafuta mstari wangu, akaandika: "Hakupima." Kisha akasema, "Nafasi tupu haimdanganyi mtu." Mstari ule mwekundu umenifundisha kuliko shahada yangu ya chuo kikuu.

Vijana, mnalijua daftari la mahudhurio. Mwalimu akimwandika "yupo" mtoto aliyetoroka, na mtoto yule akazama ziwani, nani atajua kwamba anatafutwa? Namba ya uongo ni hivyo hivyo. Ziwa linaugua, na daftari linasema lipo salama.

Kwa hiyo nimekuja na ombi. Hapa shuleni hamkosi bati, rangi, kamba na jiwe la uzito. Tengenezeni sahani yenu. Mkiwa na mwalimu, pimeni pale kwenye gati, siku ile ile ya juma, saa ile ile, na muandike. Msipokwenda, andikeni "hatukupima." Wazee wenzangu, nawaomba mchangie maboya ya kuvaa, mtoto asiende majini bila boya. Daftari nimelileta mwenyewe, ninamkabidhi Mwalimu Mkuu sasa hivi. Ukurasa wa kwanza ni mweupe.