Fisadi wa Kwao, Mtuhumiwa wa Kwetu: Mizani ya Wanasiasa Wetu



 Naomba nianze na neno moja: fisadi.

Wazee wa pwani walilijua neno hili zamani, ila si kwa maana tuliyoizoea sisi. Fisadi alikuwa mtu mwovu, mharibifu, hasa mwanamume anayewaharibia watu wake zao na binti zao. Baadaye neno likatoka vichochoroni likaingia ofisini. Tarehe 15 Septemba 2007, katika viwanja vya Mwembeyanga, Temeke, Dar es Salaam, Dk. Willibrod Slaa wa chama cha upinzani cha Chadema alisoma mbele ya umati majina 11 ya watu aliowaita mafisadi. Miongoni mwao alikuwemo Waziri Mkuu wa wakati ule, Edward Lowassa.

Niseme mapema: sikuja hapa kumhukumu marehemu. Lowassa alifariki tarehe 10 Februari 2024, na hadi siku hiyo hakuwahi kufikishwa mahakamani kwa suala la mkataba wa umeme wa Richmond, nitakaloeleza sasa hivi. Hoja yangu imejengwa juu ya jambo hilohilo.

Tukumbushane. Mwaka 2006 ukame ulikausha mabwawa yetu, nchi ikaingia kwenye mgawo wa umeme. Kampuni iliyoitwa Richmond ikapewa mkataba wa kuleta mitambo ya dharura ya megawati 100. Mitambo haikufika kwa wakati. Novemba 2007 Bunge likaunda kamati teule chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, na Februari 2008 taarifa yake ikasomwa Dodoma. Ilisema kampuni ile haikuwa na uwezo wa kazi iliyopewa, na ikaihusisha Ofisi ya Waziri Mkuu na kuipendelea. Tarehe 7 Februari Lowassa alisimama bungeni, akalalamika kwamba kamati haikumwita ajieleze, kisha akajiuzulu. Mawaziri Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha nao wakaachia ngazi.

Hapo ndipo shauri lilipopaswa kuhamia mahakamani, ama limtie mtu hatiani, ama limsafishe. Halikuhamia. Lilibaki majukwaani, na majukwaani likaanza kubadilishiwa majina.

Ndani ya chama tawala, CCM, ukaenea msemo kwamba yaliyomkuta mwenzao ni "ajali ya kisiasa". Angalieni neno lilivyochaguliwa. Ajali haina mwizi. Aliyepinduka hujikung'uta vumbi akaendelea na safari. Baada ya uchaguzi wa 2010 kukitikisa chama, lugha ikageuka. Aprili 2011 tukasikia "kujivua gamba": wenye tuhuma wajiondoe wenyewe. Julai mwaka huo Rostam Aziz, mmoja wa waliotuhumiwa, aliachia ubunge wa Igunga. Lowassa aliendelea kuwa mbunge wa Monduli.

Ikafika Julai 2015. CCM ikalikata jina lake Dodoma katika mbio za urais, na tarehe 28 Chadema ikampokea. Chini ya UKAWA, mwavuli wa vyama vya upinzani, akagombea urais, akapata kura 6,072,848, karibu asilimia 40. Dk. Slaa, msomaji wa ile orodha, alijiweka kando. Lakini wengi waliokuwa wakiishangilia pale Mwembeyanga sasa walisema: mwenye ushahidi aende mahakamani. Nao waliokuwa wakisema "ajali" wakaanza kusema "fisadi". Kila upande ulichukua maneno ya mwenzake, kama wachezaji wanaobadilishana jezi mpira ukiisha.

Machi 2019 Lowassa akarejea CCM. Akapokewa katika ofisi za chama hicho, Lumumba, kwa shangwe kama mtu aliyerudi nyumbani, na neno fisadi likakauka midomoni. Mtu yuleyule, mkataba uleule, taarifa ya Bunge ileile. Kilichobadilika ni vazi: shati la kijani la CCM, gwanda la Chadema, kisha shati la kijani tena.

Mtaniambia huo ni unafiki tu, nyani haoni kundule. Sikatai, ila jibu hilo halinitoshi. Wanafiki wako kila mahali, hata vyuoni. Swali langu ni hili: kwa nini tuhuma nzito kiasi kile ilikaa zaidi ya miaka kumi bila kufikishwa mwisho na upande wowote?

Jibu langu ni kwamba tuhuma isiyokwisha ni mtaji. Ikishahukumiwa haimfai tena mwanasiasa. Mtu akitiwa hatiani, chama chake hakiwezi kumkumbatia. Akiachiwa huru, wapinzani wake hawana fimbo ya kumchapia. Lakini tuhuma inayoning'inia inawafaa wote. Akiwa adui unamchapa nayo, akiwa rafiki unamsamehe, na akiwa rafiki asiyetabirika unamkumbusha kwamba faili lipo.

Wala tusidanganyane kwamba haiwezekani kulifikisha shauri la mkubwa mwisho. Mwishoni mwa 2008 mawaziri wa zamani Basil Mramba na Daniel Yona, pamoja na aliyekuwa Katibu Mkuu wa Hazina, Gray Mgonja, walishtakiwa katika Mahakama ya Kisutu kwa mkataba wa ukaguzi wa dhahabu. Julai 2015, mwezi uleule wa kuhamahama niliousimulia, hukumu ikatoka: Mramba na Yona wakapatikana na hatia, Mgonja akaachiwa huru. Ilichukua takriban miaka saba, na hiyo ni mingi mno. Lakini angalieni kilichofanyika: chumba kimoja, kesi moja, ushahidi mmoja, na watu watatu wakatenganishwa. Hakuna mkutano wa hadhara uliowahi kufanya hivyo. Jukwaa linajua kupaka tope na kuosha, halijui kupima.

Nitoe mfano wa humu ndani. Chuoni tunasahihisha mitihani kwa namba. Juu ya kijitabu cha majibu hakuna jina la mwanafunzi. Hatukuweka utaratibu huo kwa sababu walimu ni watu wabaya. Tuliuweka kwa sababu tunajijua: mkono unaoshika kalamu nyekundu huwa mwepesi ukiliona jina la mtoto wa rafiki, na mzito ukiliona la yule mbishi wa kiti cha nyuma. Wanasiasa wetu wanasahihisha huku wakisoma jina kwanza.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. Kwanza, kila chama kiandike katika katiba yake, leo, kabla mtuhumiwa hajajulikana, ni hatua gani ya tuhuma inayomlazimu mwanachama kukaa pembeni, atasikilizwa na nani, na atarudi lini. Kanuni inayotungwa baada ya jina kutajwa huwa ni hirizi ya mtu huyo, au ni kitanzi chake.

Pili, taarifa ya kamati teule ya Bunge ifungwe kwa tarehe. Ndani ya muda uliowekwa na sheria, TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, na Mkurugenzi wa Mashtaka waseme hadharani: fulani anashtakiwa, au hashtakiwi kwa sababu hizi. Hata jibu la "hatuna ushahidi" ni haki ya mtuhumiwa na ni haki ya mlipa kodi. Lowassa alilalamika kwamba hakusikilizwa. Kama alionewa, alitudai usikilizwaji huo miaka kumi na sita, na hatukumlipa. Kama hakuonewa, deni ni la wananchi waliokaa gizani.

Kwenu wanafunzi, ninalo ombi moja. Mtakapomsikia mwanasiasa akimwita mwenzake fisadi, lifunikeni jina lililotajwa, muweke pale jina la mtu wa chama chake, kisha mumwombe arudie sentensi ileile. Akishindwa kuirudia, mjue hakuwa akipinga rushwa. Alikuwa akipinga mtu.